Taka zikilundikana mtaani, anza na barua

Taka zikikaa kwenye kona mpaka zikaanza kunuka, watu wengi humpigia diwani. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa hapa Dar muda wa kutosha kujua simu hizo zinaishia wapi. Diwani anasema, "Nimelipokea mkuu, nalifanyia kazi," analisukuma kwa mtendaji wa kata, na mtendaji anauliza, "Barua iko wapi?" Kwa hiyo anzeni na barua. Diwani mtamhitaji baadaye, kwa kazi inayomhusu.

Kabla ya kuandika, jueni taka ni za nani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitwisha halmashauri mzigo wa taka ngumu. Lakini barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na katikati hapo ndipo taka zinapokosa mwenyewe. Mtaani kwetu mtaro ulifukuliwa, tope likaachwa ukingoni: nepi, chupa za maji, vipande vya viroba, vyote vimegandamana. Waliofukua wakasema kazi yao ni kufukua. Mkandarasi wa taka akasema mkataba wake ni wa taka za majumbani. Mvua za vuli zilipoanza tu, tope lote likarudi lilikotoka.

Ndiyo maana nasisitiza barua itaje kitu chenyewe. Andikeni "tope la mtaro lililoachwa ukingoni, upande wa shule, tangu tarehe fulani", na picha mbili mziambatanishe. Bwana afya wa kata akisoma "uchafu umekithiri" hana pa kuanzia, na mkubwa wake hana cha kumuuliza. Barua ipite kwa mwenyekiti wa mtaa, igongwe muhuri, iende kwa mtendaji wa kata, nakala kwa bwana afya. Nakala yenu nayo igongwe "imepokelewa" pamoja na tarehe. Kuna mama mmoja wa mtaani kwetu aliambiwa dirishani, "Mama, iache tu, bosi akija ataiona." Akavuta kiti. "Basi nami namsubiri hapa hapa, mwanangu." Muhuri ukapatikana bila bosi.

Sasa mkandarasi. Hapa wengi tunalalamika bila kujua hesabu zake. Sehemu nyingi za Dar gari la taka linaendeshwa kwa ada ya kila kaya. Nyumba zikigoma kulipa kwa sababu gari halikuja, wiki inayofuata haliji kwa sababu nyumba hazikulipa. Halafu kuna safari yenyewe: dampo la Pugu Kinyamwezi limepokea taka za jiji kwa miaka mingi, na kutoka pande za Tegeta hadi huko ni zaidi ya kilomita 30, kwenye foleni. Simtetei mtu. Nasema mkienda kudai, nendeni na risiti za walioilipa ile ada na orodha ya siku ambazo gari halikupita. Mkandarasi ana mkataba na halmashauri, na orodha ya namna hiyo ndiyo inayoitikisa mikataba. Mtu anayekusanya ada bila kutoa risiti, mwandikieni barua yake peke yake, msiichanganye na ya gari.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nao una kasoro moja: tunafagia, tunafukua, tunapiga picha, halafu mafungu yanabaki barabarani mpaka kuku na mvua wayatawanye. Tangu Disemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa siku ya usafi nchi nzima, fagio hazijawahi kuwa shida. Shida ni gari. Lipangeni gari kwanza, ndipo mwite watu.

Kuta nazo zina mambo yake. Huku kwetu michoro ya rangi ya kupuliza haisumbui sana. Kinachosumbua ni matangazo. Mganga, fundi friji, mikopo ya haraka, vyumba vinapangishwa, na sura za wagombea ambao uchaguzi ulishawapita. Bandiko la namna hii ni rahisi kulishughulikia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkosaji ameandika namba yake ya simu mwenyewe. Mtendaji wetu mmoja alikuwa akiwapigia kama mteja, anawaita wakutane ofisini. Wakifika wanamkuta na kitabu cha sheria ndogo za halmashauri mezani. Waliobandua siku hiyo hiyo aliwaachia kwa onyo.

Kubandua kwenyewe: lowesha karatasi kwa maji, acha gundi ilainike, kisha kwangua. Ukikwangua pakavu unaondoka na rangi ya mwenye nyumba. Pakeni chokaa mapema, maana ukuta wenye bandiko moja huvuta mengine. Na tafadhali, msiandike "USITUPE TAKA HAPA FAINI 50,000" kwa mkaa kwenye ukuta wa jirani. Sijaona dampo bubu lililofungwa kwa maandishi hayo, ila nimeona mengi yaliyojaa taka chini yake.

Kwa anayedhani halmashauri haishindiki: wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika kesi ya 1988 kwa ajili ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi na harufu, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wa huko nao wakaenda mahakamani 1991, nao wakashinda. Wengi wetu hatutafika huko, wala hakuna haja.

Diwani, basi. Mfuateni pale barua yenye muhuri imekaa bila jibu, kabla kikao cha baraza la madiwani hakijaitishwa. Mpeni nakala mkononi, mwombeni aulize swali moja tu kikaoni: barua ya tarehe hii, kutoka mtaa huu, iko kwa nani?