Yaya mzoefu asiye na cheti: anzia hapa

Dada yangu uliyeuliza kuhusu mdogo wako, aliyelea watoto wa watu tangu amalize darasa la saba na sasa kila deikea inamtaka cheti: asikimbilie kulipia kozi ndefu. Aanze kuulizia urasimishaji wa ujuzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini, wanamfundisha palipopelea tu, kisha anapata cheti. Wanaoujua zaidi ni mafundi magari, waashi na wapishi. Kwa malezi, aulize VETA ya mkoa wake wanapima nini kwa sasa.

Nasimamia kituo cha kulelea watoto mchana huku Mbagala, na walezi wangu hodari walitoka majumbani. Mtoto akilia wanajua kama ni njaa au sikio. Ila tusidanganyane, miaka mingi peke yake si ujuzi. Mtu anaweza kulea muongo mzima huku anamtia kijiko mdomoni mtoto mwenye degedege na kumchapa asiyemaliza uji.

Ile programu ya taifa ya MMMAM, yaani Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ina mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (kuitika mtoto anapoonyesha anachohitaji), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nikimsaili mlezi napita nayo moja moja. Kwenye kulisha na kubembeleza anatiririka. Kwenye michezo ya kumfundisha mtoto, au dalili za mtoto anayefanyiwa ukatili, wengi wanakwama.

Na mdogo wako aombe kupimwa kwa vitendo. Nina mama mmoja, ukimuuliza "hatua za ukuaji" ananyamaza. Mpe mtoto wa miezi tisa, hazipiti dakika atakwambia, "Huyu bado hakai mwenyewe, mama yake ampeleke kliniki." Mtihani wa karatasi ungemwangusha bure.

Ushahidi wa kazi aliyofanya aanze kuukusanya leo: barua za waajiri zenye namba ya simu, umri wa watoto aliowalea, semina yoyote aliyohudhuria, hata ya zahanati. Najua mayaya wengi huondoka kwa ugomvi, barua ataiomba kwa nani? Basi jirani aliyemwona akifanya kazi aandike. Picha za watoto asipeleke bila ruhusa ya wazazi.

Vituo hivi viko chini ya ustawi wa jamii, kwa hiyo kabla hajatoa hata shilingi amwone afisa ustawi wa halmashauri, amuulize cheti hicho kitakubalika kituoni au la. Kuna vyuo vya uchochoroni vinauza karatasi tu.