Kusoma mabonde ya Mlima Kenya: kwa wanaoanza kidato cha tano

Mwanafunzi aliyekulia Unguja au Pemba, juu ya mwamba wa matumbawe na mbali na mlima wowote, hupata tabu na mada ya barafu, na wengi huishia kukariri michoro. Kwa uzoefu wangu wa kusomesha mada hii katika skuli zetu, nawashauri msianze na barafu, bali muanze na volkano yenyewe.

Mlima Kenya, ambao leo una mita 5,199, ulijengwa na milipuko iliyokoma zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Zamani ulikuwa mrefu zaidi, na maji ya mvua yakiteremka kutoka juu kwenda kila upande yalichimba mabonde membamba. Barafu ilipojikusanya ilipita njia hizo hizo. Kwa hiyo mkiona kwenye ramani kwamba mabonde ya Teleki, Mackinder na Hobley yote yanaanzia karibu na vilele, mjue kuwa mpangilio huo umetokana na volkano na mito yake. Barafu ilichobadilisha ni umbo, kwa kupanua sakafu ya bonde na kusimamisha kuta zake hadi bonde lenye umbo la V likawa na umbo la U. Vilele viwili vya juu kabisa, Batian na Nelion, vimebaki kwa sababu ni mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kudhani kuwa kazi hiyo ilifanywa na maji ya barafu iliyoyeyuka. Barafu husogea ikiwa bado imeganda, ikisukumwa na uzito wake mwenyewe. Peke yake haiwezi kukwangua jiwe. Kinachokwangua ni vipande vya mwamba vilivyogandia chini yake, kama chembe za mchanga kwenye msasa. Vilevile maji huingia katika nyufa za lava, yakaganda na kutanuka, na mapande yaliyolegea yakachukuliwa. Pale ilipochimba zaidi palibaki shimo la ziwa, kama Michaelson katika bonde la Gorges.

Chukueni ramani ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja), mchore mkato wa bonde moja, yaani umbo lake likikatwa kwa upana, mara mbili: kwanza juu ya mita 4,000, kisha chini ya mita 3,000. Mkato wa juu utakuwa na sakafu pana na kuta kali; wa chini utakuwa V, kwa sababu barafu haikufika huko. Kati yake tafuteni vilima vya mawe na kokoto vilivyoachwa na barafu.

Na barafu ya zama hizo inatuhusu sisi wa visiwani pia: takriban miaka 20,000 iliyopita, barafu ya dunia ilipozuia maji mengi, bahari ilishuka kwa mita 120 hivi, Unguja ikaungana na bara, ilhali Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina kirefu, ilibaki kisiwa.

Mkishazoea, msiharakishe kuita kila korongo kubwa la volkano kazi ya barafu. Korongo la Barranco, kule Kilimanjaro, huelezwa zaidi kwa maporomoko makubwa ya ardhi.