Re: Msimu wa kwanza wa Saturday Night Live bado unachekesha?

Mkuu, umeuliza kama msimu ule wa 1975 wa Saturday Night Live, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Marekani, bado unachekesha au umebaki historia tu. Mimi nimeurudia juzijuzi. Kipindi cha kwanza, cha Oktoba 11, kitakushangaza: mchekeshaji George Carlin ndiye mwendeshaji lakini hachezi igizo hata moja, anapiga stori zake peke yake jukwaani. Wanamuziki wawili, vikaragosi vya Jim Henson navyo vimo (hivyo huwa naviruka). Hata jina lilikuwa NBC's Saturday Night (NBC ndiyo stesheni yao), maana stesheni nyingine ilishaliwahi jina la Saturday Night Live.

Ila usimkose mchekeshaji Andy Kaufman. Kasimama kando ya gramafoni, wimbo wa katuni ya Mighty Mouse unapiga, yeye kimya, macho yanahangaika kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya wazazi. Kiitikio kikifika tu, mkono juu, anajifanya anauimba mstari mmoja kwa mbwembwe zote, kisha kimya tena. Akanywa na maji! Chai ilinipalia.

Ukichoka, ruka hadi kipindi alichoendesha mchekeshaji Richard Pryor, Desemba. Igizo la usaili wa kazi yeye na Chevy Chase, mmoja wa waigizaji wa kipindi, tusi moja baada ya jingine, hadi leo linakuweka roho juu.