Maswali ya Wasomaji: Jeni za nekta na saa ya kuchuma ua

SWALI: Ninapima jeni ya SWEET9 katika tezi za nekta za maua dume ya maboga. Huchuma maua saa sita mchana, hukata kitako cha ua na kutoa RNA (nakala ambazo jeni hutoa inapofanya kazi). Majibu ni hafifu, tena yanayumba kutoka ua moja hadi jingine. Je, si jeni ya nekta hii?
Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Ni ya nekta, ila umeifikia tezi ikiwa inamaliza kazi. Ua la boga hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri. Protini ya SWEET9 huitoa sukrosi nje ya seli, nayo maji huifuata. Arabidopsis (mmea mdogo unaotumika sana maabara) iliyokosa jeni hii haitoi nekta kabisa. Lakini haiko peke yake. Jeni ya CRABS CLAW ndiyo huifanya tezi iote, na katika Arabidopsis hiyohiyo protini ya jeni ya CWINV4 huvunja sukrosi iliyokwisha kutoka. Kila jeni ina saa yake, kwa hiyo chuma mara tatu: jioni ya kuamkia kufunguka, alfajiri, na mchana.

Hakikisha hatua ambayo tezi imefikia kwa iodini. Kata kipande chembamba cha tezi kwa wembe, kidondoshee iodini. Jioni kitakuwa buluu iliyoiva karibu na nyeusi, maana tezi imejaa wanga. Ua likishafunguka rangi hufifia kwa kuwa wanga umegeuka sukari.

Kukata kitako kizima ndiko kunakokuyumbishia majibu. Ondoa petali na nguzo ya stameni, ubaki na kibakuli cha tezi tu. Stameni na chavua zina jeni nyingine za ukoo wa SWEET, na praima (vipande vifupi vya DNA vya kuidaka jeni inayopimwa) zilizonakiliwa kutoka Arabidopsis zinaweza kuzidaka hizo au zisidake chochote. Tengeneza zako kutokana na jenomu ya boga. Kausha nekta kwa karatasi ya kuchujia, kisha tumbukiza tezi kwenye nitrojeni kimiminika papo hapo, kwani jeraha hubadili utendaji wa jeni ndani ya dakika chache. Changanya tezi za maua kadhaa kwa kila sampuli, angalau sampuli tatu kwa kila saa, na usage miligramu 50 hadi 100. Pima usafi wa RNA kwa mwanga inaoufyonza katika nanomita 230, 260 na 280: uwiano wa 260/280 uwe karibu na 2.0. Ule wa 260/230 ukishuka chini ya 1.8, huenda sukari imebaki: safisha tena kwa ethanoli ya asilimia 75. Jeni za kulinganishia na SWEET9 ziwe mbili, zilizothibitishwa kwamba utendaji wake haubadiliki katika saa zote tatu.