Mke anaumwa kiuno, na maji yako bondeni

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima wa kabichi na viazi huku milimani, juu ya Lushoto. Mke wangu ana miaka 38. Wiki ya tano sasa anaumwa kiuno, na maumivu yanateremka pajani, yanapita ugokoni hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto. Yalimwanza alipoinama kujitwisha ndoo ya maji. Eksirei haikuonyesha kitu. Sindano za diklofenaki zinamtuliza siku mbili tatu, kisha yanarudi. Wazee wanasema alale juu ya ubao asiinuke mpaka apone, na mimi kazi zote nimezichukua. Je, tuko sawa? Nimpeleke hospitali kubwa? Na hayo mengine ya mke na mume, mtaalamu, inakuwaje?

JIBU: Pole, ndugu yangu, na umpe pole mama.

Eksirei isikutishe wala isikufanye udhani anajidekeza. Picha ile huonyesha mifupa. Kwa jinsi ulivyoeleza, linalomsumbua si mfupa: kati ya pingili na pingili za mgongo kuna diski, ngumu pembeni na laini katikati. Ikitokeza kwa nyuma huchokoza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Maumivu yanayofika kidole gumba mara nyingi ni ya mshipa unaotokea usawa wa pingili ya tano ya kiuno. Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Kwa hiyo wiki ya tano bado ni mapema kukata tamaa.

Ubao uondoeni leo. Kulala siku moja au mbili maumivu yakiwa makali hakuna ubaya, ila wiki nzima kitandani hulegeza misuli ileile inayoushika mgongo. Godoro la kawaida linatosha. Alale ubavu na mto katikati ya magoti. Wakati wa kuamka asijiinue kifua mbele; ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono.

Sasa nije kwako wewe. Kuchukua kazi zote ni upendo, lakini umepitiliza. Mtu asiyeruhusiwa hata kumenya viazi huanza kuuogopa mgongo wake, na hofu hiyo humfanya akakamae zaidi. Mchukulie zile za kuinama na kunyanyua, nyingine mwachie. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na ubaya wake mkubwa uko pale anapoinama kuipandisha na pale anapoitua. Kwa sasa maji teka wewe. (Najua mwanamume akionekana na ndoo njiani watu husema. Waache waseme.) Akianza kupata nafuu, abebe madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, tena yaanzie juu ya jiwe au benchi, si chini.

Liangalie pia suala la saa. Usiku diski hunyonya maji ikajaa, ndiyo maana saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama huuma kuliko mchana. Na kijijini alfajiri ndiyo saa ya kukamua ng'ombe, kufagia uwanja na kukata majani! Zote hizo kazi za kuinama. Kukamua chukua wewe. Yeye atembee kwanza, awashe moto, achemshe chai. Jiko nalo linyanyue kwa matofali lifike usawa wa kiuno, apike amesimama. Kama choo chenu ni cha shimo, kita nguzo imara ya kushikia, kwani kuchuchumaa na kuinuka kunamtesa kuliko atakavyokuambia.

Hizo sindano za duka la dawa zisimamisheni. Diklofenaki ikizidi huchubua tumbo, huumiza figo na kupandisha presha; tena sindano ya takoni ikichomwa vibaya inaweza kujeruhi mshipa huohuo unaouma. Mganga wa zahanati ampimie presha, amuulize kuhusu vidonda vya tumbo, ndipo amwandikie vidonge vya kumeza baada ya kula.

Hospitali kubwa je? Mwambie atembee hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Wayo wa kushoto ukigoma kuinuka, msingoje wiki ya sita. Na mteremke siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, akipata ganzi sehemu za siri au makalio, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu yote miwili ikilegea. Homa, jasho la usiku na kukonda pia vinataka vipimo, maana kifua kikuu huingia hata mgongoni, na wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi hupata brusela, ugonjwa wa mifugo ambao nao huweza kuushika mgongo. Anzieni hospitali ya wilaya. Wao watawaelekeza kama kuna haja ya kwenda hospitali ya Bombo kule Tanga au ya KCMC kule Moshi. Safari ya bodaboda kwenye makorongo yale msimpe. Tafuteni gari, akae kiti cha mbele, msimame njiani anyooshe miguu.

Ulilouliza mwishoni kwa kuzunguka halijakatazwa. Yeye ndiye achague namna isiyomuuma, na wengi huona kulala ubavu ni rahisi. Akisema leo hapana, ni hapana.

Dawa iliyobaki ni kutembea. Apite kwenye ngazi za shamba palipo tambarare, asianze na mteremko. Kesho aende hadi mti wa kwanza na kurudi, asubuhi na jioni. Kila baada ya siku mbili aongeze mti mmoja. Maumivu yakibaki kiunoni huku ya mguuni yakipungua, anakwenda vizuri. Yakizidi kushuka mguuni, arudi mti mmoja nyuma. Niandikie baada ya wiki tatu, unieleze amefika mti wa ngapi.