Ukienda Ziwa Como, lala Varenna

Wengi wanaoniuliza kuhusu Ziwa Como, huko kaskazini mwa Italia chini ya milima ya Alps, huwa tayari wameshapanga kulala Bellagio au katika mji wa Como wenyewe. Mimi nawaambia walale Varenna.

Ziwa hili lina umbo la Y iliyopinduliwa. Mji wa Como uko mwisho wa mguu mmoja, Lecco mwisho wa mwingine, na Bellagio iko pale miguu inapoachana. Varenna inatazamana na Bellagio, tena ina stesheni, jambo ambalo Bellagio haina. Treni kutoka Milano Centrale huchukua kama saa moja. Kaa upande wa kushoto ulione ziwa. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini.

Raha yenyewe iko majini. Vivuko huunganisha Varenna, Bellagio, Menaggio na Cadenabbia, na kuvuka hadi Bellagio ni kama dakika kumi na tano tu. Nenda Bellagio asubuhi na mapema, kabla vichochoro vyake vya ngazi havijajaa watu. Mchana uhame. Miezi ya kiangazi foleni za gatini huchosha kweli, kwa hiyo kama unaweza kuchagua, nenda Mei au mwishoni mwa Septemba. Mei kuna faida nyingine: maua ya bustani za Villa Carlotta, Tremezzo, na hayo pekee yanatosha kukupeleka.

Ukipenda kutembea, ipo njia ya Greenway, kama kilomita kumi kutoka Colonno hadi Griante, inayopita katikati ya vijiji. Haina kiingilio, na kwangu mimi inazidi boti yoyote ya kukodi.

Chakula? Ulizia missoltini, samaki wa ziwani wanaotiwa chumvi, kuanikwa juani na kugandamizwa. Huliwa na polenta, ambayo kwetu ni ugali wa mahindi kabisa. Aliyekulia na samaki wakavu hatapata shida.

Jioni angalia saa ya kivuko cha mwisho kabla hujaagiza chakula ng'ambo. Na kama likizo yako ni Januari, piga simu kwanza, maana hoteli na migahawa mingi hufungwa majira ya baridi, na safari za boti hupungua.