Usimkabidhi mkopeshaji kadi ya mshahara wako

Ndugu Mwalimu, umeuliza kama ni salama kumwachia mkopeshaji kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri ili ajikatie mwenyewe riba ya asilimia 10 kila mwezi. Jibu langu ni hapana, na ninakusihi usifanye hivyo hata kama shida uliyo nayo ni kubwa. Asilimia 10 husikika kuwa ndogo, lakini kwa mwaka ni asilimia 120 ya fedha ulizokopa, na pale riba isiyolipwa inapoongezwa juu ya deni, deni hilo huzidi mara 3 ndani ya miezi 12. Wakopeshaji wa aina hii huwaandama walimu kwa sababu mshahara wao huingia kwa tarehe inayojulikana; anayeshika kadi huchukua kabla yako, kiasi anachotaka yeye, nawe hubaki bila ushahidi wa ulichokwisha kulipa.

Iwapo kadi imekwisha kutoka mikononi mwako, nenda benki leo uifunge, kisha uombe taarifa ya akaunti inayoonyesha kila fedha iliyotolewa. Kufunga kadi hakufuti deni, kwa hiyo mwandikie mkopeshaji kwamba utalipa kwa njia yenye risiti. Usitie saini karatasi yenye nafasi tupu. Vilevile, anayekutaka utume ada ya kufungulia mkopo kwa namba ya mtu binafsi kabla hujapata chochote, mchukulie kuwa tapeli. Ukilazimika kukopa, anza na chama cha akiba na mikopo cha walimu, na udai jumla ya marejesho kwa maandishi.